Kabla hujapokea funguo za chuo, jua mwenye chuo ni nani

Wiki iliyopita mwenzangu ameitwa kuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha binafsi. Akanipigia: aanzie wapi kusimamia mali ya chuo? Nimekuwa mkufunzi miaka 23, katika chuo cha serikali, cha kanisa, kisha cha mtu binafsi. Nikamwambia ajue kwanza nani anatia saini benki, ndipo aingie stoo na leja mkononi.

Serikalini njia imeshachorwa. Siku hizi ununuzi unapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, malipo yanapita MUSE, mfumo wake wa ulipaji, ada inaingia kwa kontroli namba, na mkaguzi lazima aje. Shida yake ni kungoja. Mzabuni wetu wa chakula alileta maharage kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, na sikumlaumu. Alijua atakaa miezi bila kulipwa. Ukiwa mkuu huko, mpango wa ununuzi ukamilike kabla ya Julai, na kemikali za maabara ziwemo. Zetu ziliwahi kufika mitihani imeshapita.

Kutunza nilijifunza kwenye chuo cha kanisa. Mama wa stoo alikuwa ameandika namba kwa rangi nyeupe chini ya kila kiti, na kila mwisho wa muhula alivipindua kimoja kimoja akihesabu. Maharage tulinunua wakati wa mavuno. Ila matumizi makubwa yalisubiri bodi ikae, hata paa likivuja.

Kwa mtu binafsi mambo ni ya haraka. Bomba likipasuka asubuhi, jioni limezibwa. Hilo ni jema na nalisema kwa dhati. Hatari ni pale mfuko wa chuo na mfuko wa mwenye chuo vinapokuwa kitu kimoja. Mwaka mmoja, wiki ya kuwakagua wanachuo walio kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, gari la chuo lilikuwa linabeba mbolea kwenda shambani kwa mwenyewe. Wanachuo 14 walimaliza mazoezi ya kufundisha bila mkufunzi hata mmoja kukaa nyuma ya darasa kuwaangalia. Binti mmoja aliniletea daftari lake la maandalio ya somo, limeandikwa vizuri mno, na mahali pa saini ya mkufunzi pako wazi ukurasa baada ya ukurasa. Nilishindwa kumtazama usoni. Huyo anakwenda kufundisha watoto wetu.

Kwa hiyo nilimsihi mwenzangu: ada ikiingia tu, fedha ya BTP itengwe siku hiyohiyo kwenye akaunti ya BTP peke yake, yenye saini mbili, na gari liwe na daftari la safari. Yote yaandikwe kwenye mkataba wake wa kazi. Jana kanijibu kwamba mwenye chuo amekubali saini mbili, la gari amekataa. Nimemwambia arudi akaliombe tena, funguo asizipokee kwanza.