Lita ya mafuta si kilo: nilivyomshuku mtoto wa dada yangu bure

Kwa miezi miwili nilimnunia mtoto wa dada yangu. Ananisaidia dukani hapa Dodoma, yeye ndiye anayepima mafuta ya alizeti, na kila dumu la lita 20 likiisha, daftari linasoma kilo 18 na kidogo. Hiyo kilo moja na nusu inakwenda wapi? "Mama mdogo, mimi napima mbele yako," alikuwa akiniambia. Mimi kimya, ila moyoni nilishamhukumu.

Mafuta nanunua kwa wakamuaji, nao wanauza kwa lita. Mteja wangu mkubwa anaoka mikate, na yeye anataka kwa kilo, maana unga na sukari vyote anavipima kwenye mizani. Nikaona hakuna tabu, lita si ndiyo kilo? Kwa hesabu nyepesi, tuseme nanunua lita kwa shilingi 5,000 na kumuuzia kilo kwa 5,400. Dumu zima nategemea 108,000. Kinachoingia ni 99,360. Hata mtaji wa 100,000 haujarudi, na bado bodaboda hajalipwa!

Siku moja nikachukua chupa ya maji ya lita moja, nikaipima tupu, kisha na maji, kisha nikaikausha vizuri na kuijaza mafuta hadi pale pale. Ukitoa uzito wa chupa, maji yalikuwa kilo moja. Mafuta yalikuwa gramu 920 hivi. Nilikaa chini. Miaka yote naona mafuta yakielea juu ya mchuzi na sijawahi kujiuliza kwa nini. Kijana nilimwomba radhi, akacheka, akasema hayo walifundishwa darasa la fizikia, ila dukani hakuna aliyemuuliza.

Basi hesabu ni hii. Ukiwa na lita, zidisha kwa 0.92 upate kilo: lita 20 ni kilo 18.4. Ukiwa na kilo, gawanya kwa 0.92 upate lita: kilo 20 ni kama lita 21.7. Alizeti, pamba, soya, karanga, zote zinacheza karibu na hapo, kwa hiyo namba moja inakutosha. Kwangu mimi kilo ilikuwa inanigharimu karibu 5,435 kabla ya faida, ndiyo maana 5,400 ilikuwa inanimaliza polepole.

Ukienda kununua, uliza kwanza bei ni ya lita au ya kilo. Kwa bei ile ile, mnunuzi wa kilo anaondoka na mafuta mengi zaidi. Na kabla ya kupandisha dumu kwenye mizani, lipime likiwa tupu. La kwangu lina kama kilo moja, na muuzaji asiyelitoa anakuuzia plastiki kwa bei ya mafuta.

Jikoni tofauti ni ndogo, lakini kwa keki inaonekana. Kijiko cha chakula cha mililita 15 kina gramu 14 hivi, na kikombe cha mililita 250 kina gramu 230. Mapishi yakisema gramu 100 za mafuta, hizo ni mililita 109, yaani vijiko saba na robo. Kwa maandazi sihangaiki, napima kwa jicho.

Kuna na jambo la joto. Mafuta yakipata joto hutanuka: lita 20 zikipanda nyuzi 15 huongezeka kama mililita 200, uzito ukibaki ule ule. Mimi sasa dumu lililoshinda juani silipimi kwa lita mpaka lipoe. Mawese ya Kigoma yana kasheshe yake, asubuhi ya baridi unayakuta yameganda nusu, kipimo cha lita hakikusaidii kitu. Hayo nayaweka kwenye mizani moja kwa moja.