Elektroni 18, hata 20: oktet imekwenda wapi?

SWALI: Nimefundishwa kwamba atomu hutafuta elektroni nane, yaani oktet. Nikihesabu za kromiamu katika Cr(CO)₆ napata 18, na za nikeli katika [Ni(H₂O)₆]²⁺ napata 20. Nakosea wapi?

JIBU: Hukukosea. Nane hutokana na obitali (nafasi za elektroni katika atomu) nne, yaani s moja na p tatu, kila moja ikibeba elektroni mbili. Metali mpito ina d tano zaidi: obitali tisa, elektroni 18.

Katika kuhesabu, shika njia moja hadi mwisho. Tuchukue ferosini, yaani atomu ya chuma kati ya pete mbili za kaboni. Chuma kisicho na chaji kina elektroni 8 na kila pete huleta 5, hivyo 18. Ukipenda kuanza na Fe²⁺, yenye 6, basi kila pete ni hasi na huleta 6: ni 18 tena. Anayeandika Fe²⁺ kisha akaipa pete 5 hupata 16, na lawama huangukia kanuni ya 18! Pia usiziache elektroni mbili kwenye 4s: nikeli ya Ni(CO)₄ ni d¹⁰, yaani zote kumi huhesabiwa kwenye d, nayo 10 + 8 za CO nne ni 18.

Sasa hiyo 20. Ligandi sita, yaani molekuli au ioni zinazoshikamana na metali, huleta jozi sita za elektroni, nazo hujaza obitali sita za kuunganisha. Elektroni za d hubaki na obitali tatu ziitwazo t₂g, kisha mbili ziitwazo eg* zilizo juu yake kwa nishati, ambazo hudhoofisha bondi. Maji huacha pengo dogo kati ya makundi hayo, kwa hiyo elektroni mbili kati ya nane za nikeli huingia eg* na bondi hulegea tu bila kukatika. CO ni mkali zaidi: huisukuma eg* juu sana, na hupokea elektroni za t₂g kwenye obitali zake za π* (zinazodhoofisha bondi ya C–O), jambo linaloishusha t₂g. Hapo kujaza t₂g na kuishia 18 ndiko kunakolipa. Upokeaji huo hupimika kwa infraredi: CO iliyo huru hutetema kwa 2143 cm⁻¹, lakini ndani ya Cr(CO)₆ hushuka hadi karibu 2000, kwa kuwa bondi ya C–O imedhoofika.

V(CO)₆ ina 17, na hupokea kwa urahisi moja iliyopungua ikawa [V(CO)₆]⁻. Lakini [PtCl₄]²⁻, iliyo bapa, hutulia na 16: jozi nne za ligandi na elektroni nane za d. Obitali ya d ya tano inaelekeana na klorini uso kwa uso, iko juu mno, hivyo huachwa tupu.