Vifaa vya magari vilivyopotea: kwetu Kanda ya Kati vilikuwa vya kazi

Wakuu, nimeufuatilia uzi huu tangu ukurasa wa kwanza. Mleta uzi kauliza ni vifaa na mitindo gani ya magari ya zamani tunayoikumbuka, na ni kitu gani kimeiondoa. Wengi mmetaja manyoya juu ya dashibodi, spoila, taa za bluu chini ya gari, na sabufa iliyojaza buti nzima. Na mimi niliyaona hayo magari ya mtumba kutoka Japani yalipofurika. Lakini ule ulikuwa urembo, na kwa vumbi la Dodoma manyoya ya dashibodi hayakumaliza hata kiangazi kimoja yakiwa na rangi yake. Mimi nimekulia Kondoa, nikafanya utingo kwenye Land Rover 109 ya baba mdogo kabla sijahamia mjini. Vitu ninavyovikumbuka vilikuwa vya kazi, na kilichoviondoa ni lami.

Nianze na mfuko wa maji wa turubai. Ulikuwa wa kitani kizito, una mdomo mdogo wenye kizibo na kamba ya kuning'inizia kwenye ngao mbele ya gari. Mfuko mpya ulilowekwa kwanza usiku kucha ili nyuzi zivimbe, vinginevyo unavuja maji yote njiani. Ukishakolea, maji yanapenya nje kidogo kidogo, upepo wa safari unaukausha ule unyevu, na joto linaondoka nao. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo. Kwa hewa kavu ya huku kwetu ulifanya kazi kuliko pwani, ambako hewa yenyewe imeshalowa. Saa nane mchana, jua la Chemba linachoma, baba mdogo anasimamisha gari chini ya mbuyu, anafungua kizibo, na maji yanatoka ya baridi kweli. Mzee yeyote aliyepanda kwetu alipewa kikombe kabla ya dereva. Kilichobaki kilikuwa cha rejeta, maana kupanda vilima vya Kolo hadi Bereko na mzigo, rejeta ilichemka na kurusha maji nje. Magari ya siku hizi yana tangi la akiba, maji yanayotanuka yanaingia humo na injini ikipoa yanarudi. Ndiyo maana hakuna anayebeba maji tena, na duka la karibu lina chupa kwenye friji.

Kuna kitu vijana hawakukiona kabisa: nyavu za kioo. Mabasi na malori yalifungwa nyavu za chuma mbele ya taa, mengine hadi mbele ya kioo cha dereva. Barabara ya changarawe, lori linakuja mbele, kila tairi linarusha kokoto. Vioo vingi vya zamani havikuwa na ule utando wa plastiki katikati unaoshikilia vipande. Kokoto moja ikipiga vizuri, kioo kizima kinageuka weupe mtupu mara moja, huoni hata boneti. Dereva mzoefu alipiga ngumi kutoboa tundu la kuonea, akapunguza mwendo, kisha utingo akashuka kusafisha vipande vyote. Safari iliyobaki mnaimaliza mmejifunga vitambaa usoni.

Kwa hiyo mkipishana na lori, baba mdogo alikuwa anakibandika kiganja chake cha kushoto juu ya kioo, vidole vimetanuka, na kukikandamiza mpaka lori lipite. Madereva karibu wote wa njia ile walifanya hivyo, wakiamini kiganja kinapunguza mtetemo. Abiria wa mbele naye aliambiwa, "Weka mkono, kijana." Basi mnapishana mkiwa mmenyoosha mikono wote, na wale wa lori nao vilevile. Lami haina kokoto za kurushwa hivyo, na kioo cha sasa kikipigwa kinapata ufa tu, unaenda nacho hadi mjini. Kiganja sijakiona tena miaka mingi.

Sasa nije kwenye vumbi, maana hapa ndipo nina maneno mengi. Land Rover za zamani zilikuwa na vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, kimoja upande wa dereva na kingine upande wa abiria. Unavifungua kwa mkono ukiwa umekaa, hewa inaingia moja kwa moja, na nyuma yake kuna wavu wa kuzuia wadudu. Kombi na pikapu nyingi nazo zilikuwa na kidirisha kidogo cha pembetatu mbele ya dirisha la mlango, unakizungusha mpaka upepo ukupige kifuani. Watu wanadhani ilikuwa kwa ajili ya ubaridi tu. Gari lenye mgongo wa wima linavuta vumbi lake lenyewe kutoka nyuma. Ukifungua dirisha la nyuma, umelikaribisha ndani. Ukifunga nyuma kote na kufungua vifuniko vya mbele, hewa inajaa ndani na kulisukuma vumbi nje kupitia nyufa zilezile ambazo lingeingilia. Tulikuwa tunafika Dodoma na nyusi nyekundu, ndiyo, lakini tunapumua. Land Rover za abiria nyingine zilikuwa pia na paa la pili la bati juu ya paa la kwanza, upepo ukipita katikati, jua linapiga la juu na la chini linabaki na nafuu. Kwa nchi yenye jua kama letu sijaona ubunifu wa maana kuliko huo.

Redio nitazigusa tu. Ule mwiba mrefu wa antena uliovutwa kwa mkono ulikuwa wa lazima enzi za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, na magari ya Japani yalipoingia ikabidi watu wafunge kifaa cha kupanua masafa, kwa sababu FM ya Japani inaanzia megahezi 76 na yetu 88. Asiyekifunga alibaki na kaseti zake.

Mchangiaji mmoja hapo juu kasema vitu hivi vimeuliwa na uvivu wa vijana. Sikubaliani naye. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa lami mwaka 2018. Kabla ya hapo, masika yakikolea, mgonjwa wa Kondoa alikuwa hana uhakika wa kufika hospitali ya mkoa siku hiyo. Siwezi kutamani changarawe irudi ili nione nyavu za taa tena. Ila vifuniko vya hewa havikustahili kuondoka. Land Rover aina ya Defender ilivibeba hadi toleo la 2007 lilipokuja na dashibodi mpya bila vifuniko, kiyoyozi kikachukua nafasi, na gesi ikiisha uko porini Manyoni unaoka kama mkate.

Ndiyo maana naumia nikipita gereji za hapa mjini na kuona mtu kanunua Land Rover kuukuu, anaifufua vizuri, halafu fundi anaviziba vifuniko kwa kuchomelea bati kwa sababu vinavuja mvua. Havivuji kwa ubovu wa chuma. Ni mpira wa kuzunguka ukingo umekakamaa. Ng'oa mpira wa zamani, kwangua gundi yote hadi chuma, kata mpira mpya wa sponji, gundisha, kisha funga kifuniko siku nzima kabla ya kukifungua. Paka mafuta kidogo kwenye bawaba na kwenye mkono wake wa kufungulia. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye gari ambaye fundi wake ameshashika mashine ya kuchomelea, amzuie leo.