Broka kala hela, bima imefutwa

SWALI: Habari mhariri, nililipia bima kubwa ya gari kwa broka hapa Dar, juzi trafiki kanisimamisha Ubungo kacheki kwenye simu anasema bima imefutwa. Broka anasema kampuni ndo wamefuta, kampuni wanasema hela haijawafikia. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, kwanza paki gari, ukigonga mtu bila bima utauza hadi kiwanja. Ile meseji ya muamala na risiti yenye muhuri wa broka usizifute, ndo ushahidi wako. Waandikie barua kampuni yenyewe, nakala kwa broka, wakupe tarehe na sababu ya kufuta kwa maandishi, wakikupiga chenga nenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, maana leseni ya broka wanatoa wao. Na simu zake za "nitakutumia kesho" usizikubali kabisa, mwambie aandike.