Sanduku Ndilo Linalokula Pesa: Kuagiza Ngao za Pikipiki ya Njia Mbovu

Wiki iliyopita msomaji wa Arusha alinitumia picha ya pikipiki yake na bamba la kukinga injini, la aluminiamu, jipya, limeandikwa CRF250L. Pikipiki yake nayo ni Honda CRF250L, imetoka Japani. Bamba halikai. Matundu ya mbele yanapishana na bolti kwa upana wa kidole, na kwa nyuma linagonga fremu. Muuzaji kamjibu kwamba alichoagiza ndicho alichopata. Sasa anauliza: atoboe matundu mapya, au amlipe fundi achomelee vishikio kwenye fremu?

Ndugu yangu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Nitakurudia mwishoni. Kwanza tuseme na wenzako ambao bado hawajalipa, maana kosa hili linaniuma kila ninapoliona: mtu amejinyima miezi, halafu pesa inapotea kwa jambo la kusoma herufi nne.

Herufi zenyewe ziko kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. CRF250L ya kwanza, ya 2012, namba yake ya Japani inaanza na MD38. Ya 2017 ni MD44. Desemba 2020 Honda wakatoa MD47 huko Japani, wakaiachia jina lilelile la CRF250L, lakini fremu yake ni mpya: ni ileile ya CRF300L inayouzwa nchi nyingine. Kwa hiyo mwenye MD47 akitafuta bamba la chini aanzie kwenye orodha ya CRF300L, hata kama kadi yake ya usajili inasema 250. Na CRF250R ni pikipiki ya mashindano, haina udugu wowote na hizi zaidi ya rangi nyekundu. Mwandikie muuzaji namba ya fremu na mwaka, umwombe athibitishe kwa maandishi kwamba kifaa kinaingia. Akijibu "inaingia CRF zote", tafuta muuzaji mwingine.

Baada ya namba, amua unachokihitaji kweli. Ukiiangalia Yamaha AG100, pikipiki ya mabwana shamba, utaona imetoka kiwandani na ngao zake na cheni iliyofunikwa, kwa sababu walioitengeneza walijua itaangushwa. Pikipiki nyingine za porini zinakuja uchi. Kinachokurudisha nyumbani kwa miguu ni mkono wa klachi uliokatika, injini iliyotobolewa na jiwe, au rejeta iliyokunjika. Anzia hapo. Kinga ya diski ya breki na mapambo ya kava yatasubiri.

Kinga za mikono kuna aina mbili, na picha za mtandaoni hazikuambii tofauti. Ya kwanza ni plastiki tupu, imeshikwa sehemu moja. Inazuia upepo na vijiti tu. Ya pili ina uti wa aluminiamu unaofungwa sehemu mbili, katikati ya usukani na kwenye ncha yake. Hiyo ndiyo inayookoa mkono wa klachi. Barkbusters wa Australia, Acerbis wa Italia na Zeta wa Japani wote wanazo. Kabla ya kuagiza, pima usukani kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) karibu na vishikio vya katikati: 22 mm au 28.6 mm. Usukani wa chuma wa CRF250L na CRF300L ni wa 22. Halafu ng'oa kizibo cha ncha upime tundu la ndani. Usukani wa chuma huwa na nafasi ya kama 18 mm, wa aluminiamu ulio mnene kama 14. Kabari inayopanuka ndani ya tundu lazima ilingane na kipimo hicho. Ikiwa ndogo itazunguka milele bila kukaza.

Upande wa kulia, wa mafuta (mkono unaozungushwa kuongeza mwendo), ndiko kwenye hatari. Gripu na bomba la plastiki lililo chini yake mara nyingi vimezibwa nchani. Vikatwe vipitishe bolti, kisha ubakize mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati ya gripu na kinga. Ukikosa mwanya huo, mafuta yatang'ang'ania wazi siku utakayoanguka kidogo na usukani ukasukumwa. Jaribu kabla ya kuwasha: geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, fungua mafuta na uachie. Lazima yarudi yenyewe kwa kishindo pande zote mbili.

Bamba la chini ni la aluminiamu au la plastiki ngumu. Plastiki haipigi kelele, inateleza juu ya mawe na inarudi umbo lake, nami ndiyo ninayoipendekeza kwa injini ndogo. Aluminiamu inavumilia joto la bomba la ekzosi na inaweza kunyooshwa kwa nyundo kijijini. Tatizo la aluminiamu ni wauzaji wanaoandika 4 mm na kutuma 2. Mizani itakuambia ukweli. Sentimita moja ya mchemraba ya aluminiamu ina gramu 2.7. Bamba la sm 40 kwa 30 lenye unene wa 4 mm litakuwa na kilo 1.3 hivi, likiwa 2 mm halifiki gramu 700. Mwombe muuzaji uzito wa bamba bila sanduku, fanya hesabu, ndipo ulipe. Angalia pia kama lina tundu la kufikia nati ya kumwagia oili. Lisilo nalo utalifungua kila unapobadilisha oili, na siku moja utachoka kulirudisha.

Rejeta ya CRF250L ni moja tu, iko kushoto. Ukianguka kushoto, uzito wa pikipiki unaishukia. Tafuta kinga yenye fremu inayoishika rejeta pande zote. Wavu mtupu wa mbele unazuia kokoto lakini hauzuii kukunjika, na ukiwa na matundu madogo sana hujaa tope injini ikachemka.

Sasa ngao za pembeni, zile za bomba zinazozunguka injini. Hizi usiagize nje. Ubora wanao, SW-Motech na Givi wanazitengeneza vizuri, ila sanduku lake halibebeki. Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege hupima uzito wa mzani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ulio mkubwa. Uzito wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Ngao zenye kilo 6 ndani ya sanduku la 60 × 45 × 40 zinahesabiwa kilo 21.6. Unalipia kilo 15 za hewa! Bamba la chini kwenye sanduku la 50 × 35 × 20 ni kilo 7, na hilo linavumilika, hasa ukimwomba muuzaji alaze kinga za mikono ndani ya uvungu wa bamba badala ya kutuma masanduku mawili. Muulize vipimo vya sanduku kabla ya kuuliza bei ya kifaa. Ukitumia wakala wa meli anayetoza kwa ujazo, sanduku lile la ngao ni mita za ujazo 0.108 tu, lakini utasubiri wiki nyingi, na wengi wao wana kiwango cha chini cha malipo.

Ngao za pembeni mpe fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi. Bomba la chuma la 25 mm, unene wa ukuta 2 mm, likunjwe kwa mashine. Likikatwa na kuungwa kwenye kona litavunjikia pale pale. Lishike kwenye bolti za kufungia injini, angalau sehemu mbili kila upande, kwa bolti ndefu zaidi za daraja lilelile la mwanzo (8.8 au 10.9, namba iko kichwani). Ngao iliyoshikwa sehemu moja inageuka mtaimbo: ukianguka inang'oa sikio la injini. Fundi apime kwenye pikipiki, achomelee ikiwa imeshatolewa. Akilazimika kugusishia ikiwa juu ya pikipiki, toa waya za betri kwanza, la sivyo kompyuta ya injini inaweza kuungua.

Kodi. Tanzania Bara na Uganda VAT ni asilimia 18, Kenya 16, nayo huhesabiwa baada ya ushuru kujumlishwa. Chukua mzigo ambao forodha imeuthamini dola 200. Ushuru ukiwa asilimia 25, unaongeza 50. VAT ya 18 kwa 250 ni 45. Tayari ni 95, karibu nusu ya thamani, na ada ndogondogo na malipo ya wakala bado. Muuzaji aandike kwenye ankara "sehemu za pikipiki" na namba ya ushuru 8714.10. Akiandika "bamba la aluminiamu" mzigo unaweza kuwekwa kundi lingine na kukwama kwa maswali. Usimwombe aandike bei ya uongo au zawadi. Forodha wana haki ya kupandisha thamani na kukutoza faini, na mzigo ukipotea bima inalipa kile kilichoandikwa.

Chuma kinatoboa karatasi, na bolti hutorokea tunduni. Omba sanduku la kuta mbili na mfuko wa bolti ugandishwe kwa gundi kwenye kifaa chenyewe. Ukipokea, piga video tangu sanduku likiwa limefungwa. Ukilipa kwa PayPal una siku 180 za kulalamika tangu siku ya malipo, lakini mzigo wa meli unaweza kuzila nyingi, kwa hiyo weka tarehe kwenye kalenda.

Kufunga: bolti zote ziingie kwa vidole kwanza, hakuna ya kukazwa mpaka ya mwisho imeshika. Kipimo cha kukazia bolti ya M6 (nene 6 mm) kwenye aluminiamu ni Nm 10 hadi 12, ya M8 ni 20 hadi 25. Tia gundi ya nyuzi ya bluu. Nyekundu itakuharibia nyuzi siku ya kufungua. Baada ya kilomita 100 kagua tena zote kwa spana. Ondoa tope juu ya bamba kila uoshapo, kwa sababu likikauka linaifunika injini kama blanketi.

Na wewe wa Arusha. Kutoboa upya kutaleta matundu karibu na ukingo, na bamba litapasukia hapo kwenye jiwe la kwanza. Kuchomelea vishikio kwenye fremu kunaidhoofisha palepale inapopokea kishindo. Soma shingo ya fremu. Picha yako inanionyesha fremu ya MD47, na bamba ulilonalo ni la MD38. Lisafishe, piga picha upande wa matundu, andika "MD38" kwa herufi kubwa, liuze. Pikipiki hizo zipo. Bei usishushe sana, kwa sababu atakayelinunua anaokoa kilo 7 za usafiri.