Dai la WIBA: nani anaruhusiwa kuona nini kwenye faili lako

Ndugu, umesema mashine ya kukunja mabati ilikuponda vidole viwili vya mkono wa kulia, fomu ya WIBA imeshapelekwa, na sasa mambo mawili yanakusumbua. Kampuni ya bima inataka usaini karatasi ya kuruhusu hospitali zote ulizowahi kutibiwa zitoe rekodi zako. Halafu picha ya mkono wako uliojeruhiwa inazunguka kwenye grupu ya WhatsApp ya kiwanda. Najibu kwa sheria za Kenya, maana ndiko uliko: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile wote tunaiita WIBA, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Shika hili kwanza. Ukidai fidia, kuna watu wanaopata ruhusa ya kujua habari za jeraha unalodai. Ruhusa hiyo inaishia kwenye jeraha hilo, na kila mmoja wao anastahili kuona kile tu kinachohitajika kwa sehemu yake ya kazi.

Tazama fomu yenyewe, DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza inajazwa na mwajiri: jina lako, kitambulisho, mshahara, ajali ilitokea lini na vipi. Sehemu ya pili ni ya daktari: jeraha gani, mapumziko ya siku ngapi, asilimia ya ulemavu wa kudumu. Mwajiri ana siku saba tangu apate habari za ajali kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na ndiye anayebeba gharama, yeye au bima yake. Kwa hiyo usijichoshe kumficha asilimia uliyopewa. Ni haki yake kuijua.

Ila "mwajiri" si kila mtu mwenye ufunguo wa ofisi. Anayeshughulikia madai pale HR anaona fomu nzima. Supavaiza wako anahitaji mistari miwili tu: unarudi lini, na kazi zipi usipewe, kwa mfano "asishike mzigo kwa mkono wa kulia kwa wiki sita". Kamati ya usalama, ambayo ni lazima iwepo penye wafanyakazi 20 au zaidi, inataka kujua kuhusu mashine: kinga ilikuwepo au ilitolewa, nani aliiwasha, zamu gani. Hayo yote yanajadiliwa bila kufungua ripoti ya daktari. Chama cha wafanyakazi na wakili wako wanaona pale unapowaruhusu kwa maandishi.

Sasa, siri nyingi hazivujii kwenye fomu. Zinavujia kwenye viambatisho. Mtu anaambiwa "leta karatasi za hospitali", anabeba muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini na kuukabidhi kama ulivyo. Karatasi ile daktari aliiandika kwa ajili ya daktari mwenzake. Ndani yake kuna presha, sukari, ujauzito, dawa unazotumia. Angalia hasa vifupisho vinavyohusu virusi vya Ukimwi: RVD (ugonjwa wenyewe), PITC (kipimo chake), au namba ya CCC (kliniki yake). Karani wa bima aliyekaa miaka miwili kwenye kazi hiyo anajua maana yake bila kuuliza. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza matokeo ya kipimo cha virusi kutolewa kwa mwingine bila idhini yako ya maandishi, lakini ukiipeleka karatasi kwa mkono wako mwenyewe umejiweka pagumu. Mwombe daktari ripoti ya jeraha peke yake: tarehe uliyofika, mifupa iliyovunjika, upasuaji, hali ya sasa, asilimia. Ukurasa mmoja unatosha. Hospitali nyingi zitakutoza ada ya ripoti, weka risiti.

Hivyo hivyo kwa payslip. Inaonyesha mkopo wa sacco, makato ya HELB (mkopo wa masomo ya juu), mpaka amri ya mahakama ya matunzo ya mtoto. Kinachotakiwa ni mapato yako, basi omba HR barua ya mshahara. Usifute mistari kwenye payslip kwa kalamu nyeupe, maana itaonekana imeghushiwa na dai litakwama.

Turudi kwenye karatasi ya bima. Wapo wanaosema bila saini yako bima haiwezi kugusa chochote. Si kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data inaruhusu data nyeti, afya ikiwemo, itumike pale inapohitajika kuthibitisha au kupinga dai la kisheria. Ripoti ya vidole vyako wataipata tu, na WIBA yenyewe inakutaka ukubali kupimwa na daktari aliyeteuliwa au kukubaliwa na Mkurugenzi. Gharama ya kipimo hicho ni ya mwajiri, nawe unaweza kwenda na daktari wako kwa gharama yako mwenyewe. Ukigoma kupimwa kabisa, unajiumiza.

Unachoweza kukataa ni upana. Maneno kama "hospitali yoyote, daktari yeyote, wakati wowote" yanatafuta jeraha la zamani la kupunguzia malipo. Kama vidole hivyohivyo viliwahi kuvunjika, swali lao ni halali, lijibu kwa ukweli. Kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu au msongo wa mawazo, hayo hayawahusu. Kwa hiyo usirarue karatasi. Piga mstari kwenye sentensi pana, weka saini fupi pembeni ya kila mstari uliokata, na uandike chini yake:

"Naruhusu Hospitali ya ____ iipe Kampuni ya ____ ripoti ya matibabu ya kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, kwa jeraha la tarehe ____, pamoja na eksirei za mkono huo. Idhini hii haihusu ugonjwa wala matibabu mengine, na inaisha tarehe ____."

Miezi mitatu au minne inatosha. Piga picha ya karatasi kabla hujaikabidhi, na nakala nyingine ipeleke hospitalini kitengo cha kumbukumbu, maana hao ndio watakaofungua faili. Watu wanasahau hili: wanabana bima, hospitali haina habari, inatoa faili zima kwa barua ya zamani. Idhini unaweza pia kuiondoa wakati wowote, ila yaliyokwisha kutolewa kabla hujaiondoa yanabaki halali.

Nawe pia unaruhusiwa kuona wanachokiandika kukuhusu, na hii ndiyo haki inayotumika kidogo kuliko zote. Kanuni za Ulinzi wa Data za 2021 zina fomu ya ombi hilo, DPG 2. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku saba, bila malipo. Peleka maombi matatu tofauti: kwa mwajiri, kwa bima na kwa hospitali. Usiandike "naomba faili langu". Taja: nakala ya DOSH/WIBA 1 yenye sehemu zote mbili, ripoti za madaktari wote akiwemo wa bima, ripoti ya mpelelezi kama alitumwa, barua zilizokwenda kwa Mkurugenzi na zilizorudi, na orodha ya watu au ofisi zilizopewa taarifa zako. Weka tarehe ya ajali, namba ya dai kama unayo, na nakala ya kitambulisho. Ombi la mdomo au la simu linapotea. Peleka kwa mkono, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ushauri wa wakili wao hawatakupa, na hapo wako sawa. Ukikuta kosa, tuseme asilimia ya daktari ni 12 na kwenye barua ya bima imekuwa 2, kuna fomu nyingine ya kuomba marekebisho, DPG 3.

Angalizo la tarehe: ombi la nakala halisimamishi saa ya dai. Uamuzi wa Mkurugenzi ukikuudhi una siku 60 kuwasilisha pingamizi, na jibu la pingamizi lisipokuridhisha una siku 30 kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Andika pingamizi hata kama nakala hazijafika.

Kuhusu ile picha: usijibu kwenye grupu. Piga skrini ikionyesha jina la grupu, namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Kisha mwandikie mwajiri ukitaka ifutwe na ukiuliza nani aliitoa kwenye faili. Kama ilitoka ofisini na kuna hatari halisi ya kukudhuru, kampuni ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data tangu igundue. Kama ilipigwa na mwenzako kwa simu yake pale kwenye mashine, kesi dhidi ya kampuni ni nyepesi zaidi, ila kampuni bado ina jukumu la kuizuia picha isitumike kwenye mafunzo ya usalama ya asubuhi ikiwa na jina lako. Funzo la usalama linahitaji picha ya mashine.

Wasipochukua hatua, lalamika kwa ofisi ya Kamishna, kwa mdomo au kwa maandishi. Uchunguzi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 90. Picha si jambo dogo kwao: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini ya namna hiyo haiendi kwa mlalamikaji, kwa hiyo kama umepata hasara au fedheha, andika wazi kwenye malalamiko kwamba unaomba pia kulipwa fidia, na ueleze madhara yenyewe.

La mwisho, ukija kuomba kazi kwingine: mwajiri mpya hana haki ya kuitisha faili la WIBA la kazi ya zamani, wala HR wa zamani hana ruhusa ya kulisimulia kwenye simu ya marejeo. Anaweza kukupima kama unaiweza kazi anayokupa. Akikuuliza moja kwa moja kuhusu mkono, mjibu kuhusu kazi: unaweza kushika nini, huwezi nini. Usidanganye kwamba hujawahi kuumia, maana ukiumia tena mkono uleule, jibu hilo ndilo bima yake itakalolitafuta kwanza.