Nigeria 1978: haikuwa ada ya masomo

Kuna wanaosema wanafunzi wa Nigeria mwaka 1978 waliandamana kwa sababu ya ada ya masomo. Hapana ndugu, haikuwa hivyo. Ada hiyo ilikuwa imeshafutwa na serikali. Kilichopanda ni malazi na chakula: mlo wa kutwa ulitoka kobo 50 hadi naira 1.50 (naira moja ni kobo 100), mara tatu kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa mkulima angezitoa wapi?

Nchi ilikuwa chini ya Jenerali Obasanjo, na elimu ilishikwa na Kanali Ahmadu Ali, ndiyo maana kaulimbiu ikawa "Ali aondoke". Umoja wa wanafunzi, ukiongozwa na Segun Okeowo wa Chuo Kikuu cha Lagos, ulitangaza mgomo mwezi Aprili. Jibu likawa risasi. Wanafunzi waliuawa Lagos na Zaria, vijana waliodai bei ya chakula ishushwe tu! Umoja ukapigwa marufuku, Okeowo akafukuzwa chuo, na Profesa Ade Ajayi akaondolewa kwenye uongozi wa chuo hicho cha Lagos.

Ali hakuondoka. Alibaki kwenye kiti chake, na hilo linaniuma mpaka leo. Wanafunzi waliunda umoja mpya mwaka 1980, baada ya wanajeshi kukabidhi madaraka kwa raia.